Jinsi ya Kupima Ustahimilivu wa Mtama dhidi ya Alumini

Udongo unapokuwa na tindikali kali, chini ya pH 5.5, kama ilivyo katika mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya, alumini iliyojifunga katika madini ya udongo huanza kuyeyuka na kuishambulia ncha ya mzizi. Mzizi hudumaa, hunenepa na kugeuka kahawia, na mmea hukosa maji na fosforasi hata mkulima akitia mbolea. Mtama stahimilivu hujikinga kwa kumwaga sitrati, kemikali ya jamii ya asidi ya limau, kwenye ncha ya mzizi, nayo huinasa alumini ingali nje. Mbegu za namna hiyo zaweza kutambuliwa kwa jaribio lifuatalo la maabara, mradi mpimaji asiwe na haraka.

Otesha mbegu za aina unazozilinganisha kwenye karatasi yenye unyevu, kisha uchague miche iliyolingana, angalau 10 kwa kila aina. Andaa vyombo viwili vyenye maji ya virutubisho vilevile, pH 4.0, kimoja ukitie alumini kloraidi na kingine usikitie. Fosfati iwe kidogo sana, kwa sababu hushikana na alumini zikatuama pamoja chini ya chombo, nawe ukausifu mmea kwa ustahimilivu kumbe sumu haikuufikia. Pitisha hewa majini kwa pampu ndogo, na upime pH kila siku, maana mizizi yenyewe huibadilisha.

Pima urefu wa mzizi mkuu kila siku kwa siku 6, wala usikate shauri mapema. Jeni inayohusika, SbMATE, iliyotambuliwa mwaka 2007, hutoa maelekezo ya kuunda protini inayopitisha sitrati kutoka ndani ya seli. Mtama stahimilivu ukikutana na alumini, jeni hiyo huamshwa polepole, na sitrati huongezeka siku hadi siku. Ndiyo maana mche ulioonekana kushindwa siku ya kwanza huweza kurejea kukua vizuri siku ya tano. Ngano haiko hivyo. Jeni yake, TaALMT1, iliyoelezwa mwaka 2004, hufanya kazi muda wote, protini yake hukaa tayari, na alumini yenyewe ndiyo huifungulia malati, kemikali inayonasa alumini kama sitrati, itoke mara moja. Kuuhukumu mtama kwa kipimo cha ngano ni kuuonea.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba sehemu ya SbMATE inayoelekeza muundo wa protini ni ileile katika mtama stahimilivu uliochunguzwa na katika ule dhaifu. Tofauti imo katika sehemu zinazoamua jeni isomwe kwa wingi gani, kwa hiyo anayekagua protini peke yake hataiona.

Mwishoni, gawanya ongezeko la urefu kwenye alumini kwa ongezeko la pasipo alumini, uzidishe kwa 100; asilimia ikiwa kubwa, ustahimilivu nao ni mkubwa. Ukiwa na hematoksilini, rangi ya maabara, ya asilimia 0.2, vaa glavu, tumbukiza mizizi kwa dakika 15 na uisuuze: palipoingia alumini patakuwa zambarau. Mimi huamini urefu kuliko rangi. Aina zilizofaulu zipande kwenye ndoo mbili za udongo wa shamba husika, moja ikiwa imechanganywa na chokaa ili kupunguza tindikali, kisha ung'oe miche na kulinganisha mizizi.