Kupiga picha maulidi ya kina mama

Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukiingia hapa Unguja, simu yangu hailali: njoo, tuna maulidi ya wanawake. Kwenye maulidi makubwa ya uwanjani Maisara wanawake hukaa upande wao wakisikiliza. Majumbani wao ndio wasomaji, na hapo ndipo nataka uelekeze kamera.

Idhini omba mara mbili. Mwenye nyumba ndiye aliyekualika, lakini shughuli inaongozwa na mwalimu anayesoma Barzanji, kitabu cha maulidi chenye sifa za Mtume. Nenda siku moja kabla, mpe shikamoo, muulize ukae wapi na uache saa ngapi. Kina mama wakishaingia ndani huvua mabuibui. Nywele zile, hina na dhahabu si za macho ya nje, kwa hiyo mpiga picha awe mwanamke, na msaidizi wake pia.

Kaa chini mkekani, kimo kimoja na wasomaji. Flashi zima, na mlio wa kamera zima. Mimi hutumia lenzi ya milimita 50 kwenye f/2, ISO 3200, spidi 1/125, na chembechembe zinazotokea pichani nazivumilia. Taa ya tyubu hutia nyuso ukijani. Dirisha likitosha, omba izimwe.

Kisha subiri kiyamu. Wote husimama, chetezo hupitishwa, marashi hunyunyizwa. Jiweke mahali ambapo dirisha liko nyuma ya chetezo: moshi wa udi utang'aa na nyuso zitabaki gizani.

Bibi mmoja wa Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja, aliniambia, "Mwanangu, piga mikono yangu, uso niachie." Sina picha ninayoipenda kuliko ile. Kidole chake kimekaa juu ya mstari, ncha ya ukurasa imelainika kama kitambaa kwa kufunuliwa miaka na miaka, na pembeni kiganja kidogo chenye hina mbichi kimeshika kitabu kisijifunge. Uso hauonekani, na bado unajua nani anamsomesha nani.

Mwaka mmoja nilimtumia mtu picha kwa WhatsApp. Kufika Ijumaa ilikuwa kwenye simu za wanaume. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nikilia. Sasa kesho yake narudi na kamera, kila mmoja anajitazama na kuchagua, zilizokataliwa nazifuta mbele yao. Zilizobaki nazichapisha mwenyewe kwa printa yangu ndogo, maana dukani anayechapisha ni mwanamume.