Kitambuzi cha DNA cha kaboni: kazi nzima ni kugombana na chumvi

Kisima cha nyumbani kwetu Langoni, Lamu, ni cha maji ya chumvi; ya kunywa twategemea yale ya michanga ya Shela. Naanzia kwenye maji makusudi. Ukitaka kutengeneza kitambuzi cha DNA cha umeme kwa nanotyubu za kaboni, chumvi ndiyo itakayokusumbua kuliko kaboni yenyewe.

Nanotyubu ni utando wa atomi za kaboni uliokunjwa kama mkeka, na ile ya ukuta mmoja upana wake ni kama nanometa 1. Atomi zake zote ziko nje, kwa hiyo kinachoigusa hutikisa mkondo unaopita. DNA nayo ina chaji hasi mwili mzima. Pachika uzi mmoja juu ya kaboni. Mwenziwe akija akajifunga nao, herufi A kwa T na G kwa C, mita itasogea.

Nunua nanotyubu zilizokwisha kutiwa kaboksili, yaani vikundi vya asidi vya kuishika DNA. Kuzichemsha katika asidi ya nitriki na ya salfuriki si kazi ya nyumbani hata kidogo. Na ule unga mkavu usiuvute pumzi: vaa barakoa, uloweke mapema. Dondosha maikrolita 2 za wino wake kati ya elektrodi mbili za dhahabu, uache ukauke, kisha pima ukinzani. Mimi huridhika na kilo-omu chache hadi makumi kadhaa. Ukisoma mamilioni, ongeza tone.

Sasa kuunganisha. EDC, kemikali inayoziunganisha kaboksili na DNA, hukaa kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Itoe, usubiri baridi yake iishe kabisa kabla ya kufungua kifuniko, maana hewa yetu ya pwani ikikutana na chupa baridi hutoa jasho humo humo ndani, na EDC ikishika unyevu imekwisha. Ichanganye na NHS, msaidizi wake, katika bafa (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi) ya MES ya pH 5 hadi 6, funika elektrodi nusu saa, suuza, halafu weka uzi wa DNA ulioagizwa na amini, kikundi cha nitrojeni kinachojifunga na kaboksili, kwenye ncha moja. Uache saa mbili. Mimi huulaza usiku kucha ndani ya kibakuli chenye kitambaa kibichi, usije ukakauka. Mwisho tia ethanolamini ili izibe kaboksili zilizobaki wazi.

Bafa ya kuwekea DNA iwe ya fosfeti. Mara yangu ya kwanza nilitumia Tris, bafa nyingine ya kawaida, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rafuni. Elektrodi kumi na mbili, siku tatu, na mita haikusogea hata moja! Tris ina amini yake yenyewe. Ilikuwa imekaa kwenye viti vyote kabla DNA haijafika.

Haya, chumvi. Nyuzi mbili za DNA zote ni hasi, zasukumana, na chumvi ndiyo inayozipatanisha. Lakini chumvi hiyo hiyo huifunika chaji isionekane: katika bafa ya kawaida ya fosfeti, yenye chumvi kama ya damu, kaboni haihisi chochote kilicho mbali kuliko nanometa 0.7 hivi. Uzi wa herufi 20 ukishapata mwenziwe una urefu wa karibu nanometa 7. Sehemu kubwa yake ni kama haipo.

Ukiizimua bafa kwa maji mara 100, uoni wa kaboni hufika hizo nanometa 7, na wengi hukimbilia hapo. Mimi sifiki. Kwa joto letu la mchana, nyuzi fupi katika maji matamu kiasi hicho zaweza kuachana mbele ya macho yako. Nazikutanisha katika bafa kamili saa moja, nasuuza, kisha nasoma katika bafa iliyozimuliwa mara 10. Kaboni huona nanometa 2 na kitu, na ndoa haivunjiki. La muhimu ni usomaji wa kabla na wa baada ufanyike katika bafa ile ile ya chupa ile ile. Ukibadilisha chupa katikati, utakuwa unapima chumvi.

Volti 0.1 zatosha. Subiri mstari utulie, hata dakika 20, ndipo uandike ukinzani wa kwanza. Gawa badiliko kwa ukinzani huo, kwani elektrodi hazifanani hata zikitoka mkono mmoja.

Na kila siku ya kazi tenga elektrodi moja uipe DNA ya herufi zisizolingana kabisa. Hiyo nayo ikisogea sawa na zile nyingine, DNA inajibandika ovyo kwenye kaboni: suuza kwa bafa yenye Tween 20 (sabuni ya maabara) kidogo, rudia, na usomaji wa siku hiyo uufute.