Jinsi ya Kujiunga na Chama cha Fizikia cha Marekani na Kugombea Uwakilishi wa Wanafizikia Chipukizi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafizikia anayesomea uzamivu nchini Marekani, au aliyehitimu karibuni na sasa ana mkataba mfupi wa utafiti, ambaye angependa chama cha taaluma yake kimsaidie na kumpa nafasi ya kusikika. Chama hicho, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha APS, kilianzishwa mwaka 1899 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na leo kina wanachama zaidi ya 50,000, baadhi yao wakiishi nje ya Marekani. Uraia si sharti la kujiunga. Hata hivyo, ifahamike mapema kwamba hiki si chama cha wafanyakazi: hakitajadiliana na chuo chako kuhusu mshahara wala kumwajibisha msimamizi wako kwa niaba yako. Msaada wake hupatikana kwa njia ya ruzuku, mikutano, ushauri wa kazi na utetezi mbele ya watunga sera wa Washington.

Hatua ya kwanza ni kufungua akaunti katika tovuti ya aps.org na kuchagua daraja la uanachama. Mwanafunzi hujiunga bila malipo kwa mwaka wa kwanza, na aliyehitimu karibuni ana daraja lake lenye ada nafuu kuliko ya mwanachama wa kawaida, mradi tu miaka tangu apate shahada yake ya mwisho haijavuka kikomo kilichotajwa kwenye fomu. Jaza jina kama linavyoonekana katika makala zako za kisayansi. Sisi tunaotumia majina matatu, la baba na la babu yakiwemo, hujikuta tumeandikishwa kwa namna mbili tofauti, na kulirekebisha hilo baadaye ni usumbufu. Tumia barua pepe yako binafsi, si ile ya chuo, kwa kuwa anwani ya chuo hufungwa mkataba unapokwisha, ilhali matangazo ya ruzuku na karatasi za kura hutumwa kwa njia hiyo hiyo.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kuchagua vyombo vya ndani. APS ina divisheni na vikundi vinavyofuata fani za fizikia, ina kanda zinazofuata jiografia, na ina mabaraza yanayoshughulikia mambo yanayowagusa wanachama wa fani zote. Baraza la Wanasayansi Chipukizi liko katika kundi hili la mwisho. Lipo pia la wanafunzi wa shahada za juu, na lingine la fizikia ya kimataifa. Kulipia ada ya chama pekee hakukuingizi katika baraza lolote: ni lazima uweke alama mwenyewe, la sivyo hutapiga kura wala kugombea ndani yake.

Kuhusu ruzuku za safari, kila chombo kina masharti na tarehe zake, na mara nyingi mwombaji hutakiwa awe ameshawasilisha ikisiri, yaani muhtasari mfupi, ya utafiti atakaouwasilisha mkutanoni. Kwa mkutano mkuu wa mwezi Machi, ikisiri hupokelewa miezi kadhaa kabla. Uliza pia kama fedha hutolewa kabla ya safari au hurejeshwa baadaye, kwa sababu zinaporejeshwa utahitaji risiti zote, na mgeni mwenye viza ya masomo huenda akatakiwa kujaza fomu za kodi.

Kugombea kunahitaji kufikiriwa zaidi. Kila baraza lina kamati ya uteuzi inayokusanya mapendekezo kutoka kwa wanachama kabla ya kura kupigwa mtandaoni, na mgombea huandaa wasifu mfupi pamoja na tamko. Soma kwanza katiba ndogo ya baraza ujue muda wa kila nafasi. Anayechaguliwa kuwa makamu mwenyekiti huwa mwenyekiti mteule, kisha mwenyekiti, kisha mwenyekiti aliyepita, yaani takriban miaka minne ya utumishi, wakati mikataba mingi ya utafiti baada ya uzamivu ni ya miaka miwili au mitatu. Kwa maoni yangu, anayeanza angegombea kwanza nafasi ya mjumbe wa kawaida wa kamati tendaji, ambayo haimfungi katika ngazi hiyo yote.

Katika tamko, taja jambo moja au mawili ambayo baraza lina uwezo wa kuyatenda, kwa mfano kuandaa kikao kuhusu kazi za viwandani au kuelekeza ruzuku kwa wanaolea watoto wadogo, badala ya kuahidi mageuzi ya mfumo mzima wa ajira vyuoni. Asiyechaguliwa anaweza kumwandikia mwenyekiti na kujitolea katika kamati ya programu au ya tuzo, ambazo wajumbe wake kwa kawaida huteuliwa bila kupigiwa kura.