Somo: Kumweleza mtoto akili mnemba kwa makopo matano

Somo hili ni la walimu wa chekechea na wazazi wa watoto wa miaka mitano hadi minane. Akili mnemba (AI) hapa ni programu ya kompyuta au simu inayomjibu mtu kwa maneno. Halihitaji simu wala umeme. Mtoto wa umri huu ukimwambia "kompyuta inafikiri" ataitikia tu, kisha ataamini kila inachomwambia. Akiijenga mwenyewe kwa karatasi, ataona kwamba kitu kinaweza kusema vizuri bila kujua kinasema nini. Hilo akilishika, mengine yote yatangoja.

Vifaa: makopo matano yasiyoonyesha ndani, karatasi ngumu (boksi la biskuti lafaa), makasi na kalamu ya wino mzito. Tenga dakika 40. Seti moja ya makopo ni ya watoto sita; wakizidi, wa nyuma huanza kusukumana.

Hatua ya 1. Andika ubaoni, mkisoma pamoja kwa sauti:

Punda anabeba mchanga.
Punda anabeba maji.
Baba anabeba mtoto.
Mtoto anakula mkate.
Punda anakula nyasi.
Baba anakula wali.

Punda, baba na mtoto wamechaguliwa kwa kuwa wote huchukua "a-". Ukiingiza dau, utahitaji kopo jingine la "linabeba", na watoto watapotea njia.

Hatua ya 2. Andika majina kwenye makopo: punda, baba, mtoto, anabeba, anakula. Pitieni sentensi moja moja. Neno linalofuata liandikwe kwenye kikaratasi, kitiwe katika kopo la neno lililotangulia. "Punda anabeba": kikaratasi cha "anabeba" kinaingia kopo la punda. Likitokea mara mbili, vikaratasi ni viwili, hata mtoto akidai kimeshaandikwa. "Mtoto" likiwa mwisho wa sentensi, tia katika kopo lake kikaratasi chenye nukta.

Mwisho muwe na hivi: punda 3 (anabeba, anabeba, anakula), baba 2 (anabeba, anakula), mtoto 2 (anakula, nukta), anabeba 3 (mchanga, maji, mtoto), anakula 3 (mkate, nyasi, wali). Jumla 13. Hesabuni kabla ya kuendelea, maana hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mchanga, maji, mkate, nyasi na wali hayana kopo. Ukifika hapo, sentensi imekwisha.

Hatua ya 3. Futa ubao. Mtoto achague punda, baba au mtoto, achomoe kikaratasi kwenye kopo hilo bila kuchungulia, akisome, akirudishe, kisha aende kwenye kopo la neno alilopata. Asiporudisha, kopo huisha na hesabu huharibika. Andika sentensi zinazotoka, kumi na mbili hivi.

Haitachukua muda itatoka sentensi kama "Baba anakula nyasi". Waache wacheke, halafu uliza: nani aliandika hivyo? Hakuna. Je, kopo limedanganya? Wengi watasema ndiyo. Usiwasahihishe kwa maneno. Mwaga vikaratasi vya "anakula" mezani, uwaambie watafute palipoandikwa kwamba baba hali nyasi. Hawatapaona. Kisha waonyeshe "Punda anabeba mtoto". Nayo haikuwamo ubaoni, lakini hakuna mtoto wa Lamu asiyeijua. Makopo yaliitoa kwa njia ile ile. Anayejua ipi ni kweli ni mtoto, kwa kuwa punda amewaona. Sehemu hii ipe nusu ya muda wako wote, hata kama hatua ya nne itabidi isubiri kesho.

Hatua ya 4. Ongeza vikaratasi vitatu vya "nyasi" katika kopo la anakula. Sasa ni vinne kati ya sita. Chezeni tena, kisha uliza nani aliyebadilisha maneno ya mashine. Ni wewe uliyetia.

Hapo ndipo useme: programu inayojibu kwenye simu nayo hukisia neno lijalo. Tofauti ni kwamba haitazami neno moja tu la nyuma, hutazama maelfu, na badala ya vikaratasi ina namba ilizojifunza kutoka maandishi mengi kuliko mtu mmoja awezavyo kusoma maishani.

Maswali ya walimu na wazazi wa Lamu

*Mwalimu, Shela:* Wangu hawajajua kusoma. Nifanyeje?
Tumia picha: mdomo kwa "anakula", mzigo begani kwa "anabeba". Hatua ya pili ifanye mwenyewe kabla hawajaingia. Usigundishe mchanga wa kweli kwenye karatasi. Vidole vitautambua ndani ya kopo.

*Mzazi, Langoni:* Mwanangu wa miaka sita huiaga sauti ya simu kabla ya kulala, asema ni rafikiye. Nimkataze?
Usimkaripie, mama. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alichapisha ELIZA, programu iliyogeuza maneno ya mtu yakawa swali, na hata watu wazima waliieleza siri zao. Muulize mtoto: huona njaa? Ina mama? Ikianguka hulia? Kisha mrudishe kwenye makopo. Kuaga aendelee, adabu haimdhuru.

*Maalim, Mkomani:* Assalamu alaikum. Wakubwa huipa programu ya simu kazi ya nyumbani, wadogo wanaiga. Umri gani unafaa?
Wa alaikum salaam, maalim. Masharti ya ChatGPT, mojawapo ya programu hizo, ni miaka 13, na aliye chini ya 18 apate ruhusa ya mzazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo yataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Kwa hiyo mdogo aulize kwa mdomo, mkubwa ashike simu na kuandika, bila jina, shule wala picha ya uso. Jibu moja walipime: waiulize programu maji yatajaa saa ngapi, halafu waende gatini wakatazame, au wamuulize nahodha. Wakiiuliza kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, itakosea zaidi, kwa sababu vikaratasi vya Kiamu ni vichache.

*Mwalimu, Matondoni:* Kwetu imetoka "Mtoto." basi. Tena "Baba anabeba mtoto anakula wali". Tumekosea wapi?
Hamkukosea. Kopo la mtoto lina vikaratasi viwili, kimoja nukta, basi nusu ya mara sentensi itaishia hapo. Wakichoka nayo, waanze na punda au baba. Ile ya wali iacheni ubaoni, muwaulize watoto ni nani anayekula: baba au mtoto? Watabishana. Makopo hayana jibu, kwa kuwa yalipofika "anakula" baba alikwisha sahaulika.