Kuhama Nyumba Kiangazi Ukiwa na Bustani: Mwongozo kwa Wapangaji wa Mwanza

Mpangaji wa Mwanza aliye na bustani, kama hana budi kuhama, huomba ahame mwezi wa Novemba, kwa sababu wakati huo mvua za vuli zimekwisha kushika na mche uliong'olewa asubuhi huweza kunyeshewa hata kabla mwenyewe hajamaliza kupanga vyombo vyake. Bahati mbaya kodi za nyumba hazifuati majira ya mvua. Mimi nilitakiwa kuondoka katika nyumba ya Nyegezi mwezi wa Agosti, nikiwa nimepewa wiki tatu tu, matuta yangu mawili ya nyanya yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kubadilika rangi, na nyumba niliyoipata ilikuwa Buswelu, yenye kiwanja cha changarawe na jiwe kubwa kuliko choo katikati yake. Nilijaribu kuhamisha kila kitu, nikapoteza karibu kila kitu. Ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningeyafanya endapo wiki zile tatu ningerudishiwa.

Jambo la kwanza ni kuutazama mwezi uliopo. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua katika ukanda huu ni chache sana, jua ni kali, na upepo wa mchana kutoka ziwani hukausha majani upesi kuliko mizizi iliyokatwa inavyoweza kuyanywesha. Mmea uliong'olewa wakati huo haufi kwa sababu ya udongo mgeni, kama wengi wanavyodhani, bali hufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Kwa hiyo anayehama Julai au Agosti asifikirie kuhamisha bustani. Afikirie kuhamisha mbegu, vipandikizi na miche michache sana, kisha aisubiri Oktoba. Anayehama kati ya Machi na Mei, au vuli ikiwa imeanza, anaweza kuthubutu zaidi.

Kabla ya kushika jembe, zungumza na mwenye nyumba. Mboga na maua ya kwenye makopo hayana ubishi, lakini mti uliopandwa ardhini na kukua huko huleta maneno, hasa kama ni mwembe au mparachichi ambao mwenye nyumba amekwisha kuuhesabu kuwa sehemu ya kiwanja chake. Mwambie waziwazi unachotaka kuchukua, mwahidi kwamba mashimo yatafukiwa, na kama mazao yako yamebakiza wiki mbili au tatu kukomaa, mwombe ruhusa ya kurudi kuyavuna. Ombi hilo hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia, hasa mwombaji akifika na fungu la mchicha mkononi. Ikiwa mpangaji mpya anaingia siku hiyohiyo, afadhali ukubaliane na jirani amwagilie na mgawane mavuno nusu kwa nusu. Nyanya zilizokwisha kuonyesha wekundu kidogo zichumwe zote, kwa kuwa zitaivia ndani ya nyumba zikiwekwa kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu moja au mbili. Zile za kijani kibichi kabisa hazitaiva vizuri, nazo zinafaa kupikwa au kuachiwa jirani.

Sasa uchaguzi wenyewe, ambao ndio unaouma. Mchicha, figili, chainizi na bamia visihamishwe kamwe. Mchicha huvunwa wiki tatu au nne tu baada ya kusiwa, kwa hiyo kung'oa mche wake na kuusafirisha hadi Kisesa ni kazi kubwa kuliko kusia upya. Vuna zote, ule, ugawe, na uache mimea michache iliyozaa mbegu ikauke ili uikung'ute kwenye karatasi. Mpapai nao huchukia kuguswa mizizi; chukua mbegu za tunda lililoiva vizuri, zioshe zitoke ute, zianike kivulini, na utakapofika panda tatu katika kila shimo, maana hutajua upi ni dume mpaka utoe maua. Mbegu za nyanya huachwa katika maji yake kwa siku mbili au tatu mpaka ute uchachuke na kuachia, ndipo zioshwe na kukaushwa. Lakini kama miche yako ilitokana na mbegu chotara za dukani, usijisumbue, kwa sababu kizazi cha pili hakitafanana na cha kwanza.

Mimea inayokubali kugawanywa au kukatwa ndiyo rafiki wa mhamaji. Mchaichai hung'olewa shina zima, ukagawanywa vikonyo vyenye mizizi, majani yakakatwa yabaki na urefu wa shibiri moja, ukafungwa kwenye gunia bichi na kukaa hivyo siku kadhaa bila kulalamika. Tangawizi na manjano huchimbuliwa na kusafirishwa kama vitunguu. Shubiri mwitu unaweza kuutupa nyuma ya kabati kwa wiki nzima ukaukuta mzima. Matembele hukatwa ncha za urefu wa sentimita 30 hivi, na ni ncha kweli, si sehemu ya chini ya shina, kwa sababu huko chini ndiko fukusi wa viazi hupenda kutaga. Sukuma wiki iliyozeeka hutoa machipukizi ubavuni ambayo yakibanduliwa na kupandwa kivulini huota mizizi. Bogenvilia, pasheni na rosemari huchukuliwa kwa vipandikizi, nami hushauri kukata mara tatu ya idadi unayoihitaji, kwa kuwa kiangazi hudai sehemu yake.

Migomba na mihogo inastahili tahadhari ya peke yake. Mnyauko wa migomba uliosababishwa na bakteria uliripotiwa mkoani Kagera mwaka 2006, na njia mojawapo inayouhamisha ni sisi wenyewe, kwa kubeba machipukizi na kutumia panga lilelile bila kulisafisha. Kama shamba lako lina mgomba ambao majani yake yananyauka yakiwa ya njano na ndizi zake zinaiva kabla ya wakati, usichukue hata chipukizi moja kutoka humo. Kama ni zima, chagua machipukizi yenye majani membamba kama upanga, yamenye mizizi yote na ngozi ya kitunguu, yaani tunguu la chini ya shina, mpaka pawe peupe, kisha yatumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 ili kuua fukusi na minyoo ya mizizi. Maji hayo hayaondoi mnyauko, na ndiyo maana kuchagua shamba lisilo na ugonjwa hutangulia. Mihogo nayo husafirisha magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia ndani ya pingili, hivyo ukiona majani yenye mabaka ya njano au yaliyojikunja, acha pingili hizo na uulize mbegu safi kwa afisa ugani wa kata utakayohamia. Kituo cha Ukiriguru cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), wilayani Misungwi, kimeshughulikia mihogo na viazi vitamu kwa muda mrefu, nacho hakiko mbali na jiji.

Ukishapunguza hivyo, utabaki na miti miwili au mitatu ambayo moyo hauwezi kuiacha. Kwangu ilikuwa mlimao wa miaka miwili. Mti wenye kimo cha mtu mzima au zaidi uache. Mdogo wa kufika kiunoni una nafasi. Wiki mbili au tatu kabla ya kuhama, chukua sepetu kali na uikate mizizi kwa kuizunguka, umbali wa kiganja na nusu hivi kutoka kwenye shina, bila kuung'oa mti, kisha uendelee kuumwagilia. Mizizi iliyokatwa itaanza kutoa vijizizi vipya ndani ya mzunguko huo, na hivyo ndivyo vitakavyounywesha mti huko uendako. Jioni ya kuamkia safari mwagilia mpaka udongo ushikamane; asubuhi chimba mtaro nje ya mzunguko, ingiza sepetu chini, telezesha gunia chini ya donge, na ulifunge kwa kamba kabla ya kulinyanyua. Usinyanyue kwa kushika shina. Punguza majani theluthi moja au hata nusu. Mimi niliona huruma nikayaacha yote, na mlimao ukayapukutisha wenyewe ndani ya siku nne.

Siku ya kuhama, mimea ipande mwisho na ishuke kwanza. Katika kirikuu au guta, kitu kilicho nyuma hupigwa na upepo kuliko dereva anavyofahamu, na hata robo saa ya upepo huo huweza kukausha majani vibaya. Funika kwa mashuka mabichi au turubai, na kama gari linaweza kupatikana jioni, ngoja jioni, hata kama dereva atanung'unika kidogo. Makopo ya rangi na ndoo zilizotobolewa zibanwe kwa magodoro zisiyumbe.

Mkifika, acha kuchimba kwanza. Uliza maji yanatoka siku zipi, maana si mitaa yote ya milimani hupata maji ya bomba kila siku, na bustani isiyo na pipa la akiba katika mwezi wa Agosti ni ndoto. Maji ya kuoshea mboga na ya kufulia kwa sabuni kidogo yanafaa kwa miti. Wanaohamia karibu na ziwa wasidhani tatizo lao limekwisha: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni, na ziwa lenyewe lilipopanda mwaka 2020 lilimeza mashamba ya watu waliodhani liko mbali. Isitoshe, kuingia majini kwa miguu mitupu ili kuchota au kukusanya gugu maji ni kujitafutia kichocho. Gugu maji lililokwisha kutolewa na kukaushwa juani hufanya matandazo mazuri, kama zinavyofanya pumba za mpunga.

Kisha soma udongo. Kwenye miteremko ya miamba utakuta mchanga wa changarawe usioshika maji, ambao hudai samadi iliyooza ndoo nzima kwa kila shimo. Kwenye mabonde utakuta udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kutuama maji masika, ambao hudai matuta ya juu. Jiwe kubwa lililoniudhi siku ya kwanza likawa mwalimu wangu: upande wake wa mashariki hupata kivuli kuanzia saa nane mchana, ilhali upande wa magharibi hutoa joto mpaka usiku kama jiko lililozimwa. Chini ya jiwe ndiko maji ya mvua hukusanyika, kwa hiyo weka miche inayopenda unyevu hapo, isipokuwa pale yanapoporomoka kwa nguvu.

Mpaka vuli ifike, kila kilichohamishwa kikae kwenye viriba, ndoo au viroba vya kilo 50 chini ya kivuli cha makuti au neti, kikimwagiliwa alfajiri au jioni. Mti mdogo upewe nusu ndoo ya lita 20 kila baada ya siku mbili au tatu, badala ya vikombe viwili kila siku. Usiweke mbolea yoyote ya dukani kwa wiki nne za mwanzo, kwa kuwa mizizi iliyojeruhiwa huunguzwa nayo. Na mti ukipukutisha majani yote usiutupe: kwaruza gome lake kwa ukucha, na ukiona kijani chini yake endelea kumwagilia. Mlimao wangu ulisimama kama fimbo kwa majuma saba, watoto wakawa wanaanikia soksi juu yake, na ulichipua wiki ya pili ya Oktoba.