Lori la dizeli linapokosa nguvu njiani kisha likapona lenyewe: pa kuanzia kulitafuta tatizo

Lori lililokufa kabisa halisumbui, maana kilichoharibika kipo mbele yako. Linalosumbua ni hili linalotoka Tanga mjini likiwa zima, likikaribia Muheza dereva amezamisha mguu na halichanganyi. Anaegesha, anazima, anawasha tena, linaondoka kama halikuwa na neno. Gereji linanguruma vizuri tu. Wengi hapo hukimbilia kufungua pampu na nozeli, ambazo ndizo ghali kuliko vyote. Ziache kwanza.

Hatua ya 1: Mhoji dereva, na utingo pia

Linachoka likiwa na mzigo tu, au hata tupu? Tangi likiwa limejaa, au likibaki robo? Linapona ukiachia mafuta, au mpaka uzime injini? Na moshi? Utingo mara nyingi ndiye aliyeuona kwenye kioo.

Moshi mweusi maana yake dizeli inaingia ila hewa haitoshi, au eksozi imebanwa. Injini ikilegea taratibu bila moshi, dizeli haifiki. Nguvu zikikatika ghafla kama taa iliyozimwa, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Hatua ya 2: Njia ya dizeli, kuanzia tangini

Mwaga maji ya filta, na kama filta ni ya zamani weka mpya. Hilo kila mtu analijua, kwa hiyo tuendelee.

Tangi lazima lipumue. Tundu la hewa la mfuniko likizibwa na vumbi na grisi, pampu inavuta dizeli huku hewa haiingii kujaza nafasi yake, mpaka inashindwa. Mwambie dereva lori likichoka aegeshe na kufungua mfuniko palepale. Tangi likivuta hewa kwa mlio na nguvu zikarudi, umeshapata.

Pili ni takataka. Kipande cha nailoni au kitambaa kikiwa tangini huelea bila kuonekana, kisha kinanyonywa hadi kwenye mdomo wa bomba la kuvutia. Injini ikizima, mvuto unakwisha na kinaachia. Hiyo ndiyo siri ya lori linalopona baada ya kupumzika. Chomoa bomba la kuvutia, mulika tangi kwa tochi, na usiridhike kwa kuona dizeli safi juu.

Tatu ni hewa. Upande wa kuvuta ukiwa na ufa haudondoshi dizeli sana, unaingiza hewa, ndiyo maana mpira mkavu kwa nje unaweza kuwa mbovu. Kati ya filta na pampu, upande wa mvuto, funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, wa kuhimili dizeli, ubane kwa klipu, kisha mtu akanyage mafuta. Ukiona viputo vinapita mfululizo, kagua washa za shaba, pampu ya mkono na kila kiungo kurudi tangini.

Kama bado una shaka, toa mipira ya kuvuta na kurudisha kwenye tangi, iingize kwenye dumu la dizeli safi lililokazwa imara lisianguke, mbali na eksozi, uende barabarani. Likipona, pampu haina kosa.

Tahadhari: injini ya komon reli (yenye bomba moja la presha, yaani reli, linalogawia nozeli zote dizeli) usilegeze nati za mabomba ya presha ikiwa inaunguruma, wala usitafute uvujaji kwa kiganja. Presha inaweza kupita baa 1,000. Dizeli hutoboa ngozi.

Hatua ya 3: Hewa na eksozi

Bonyeza mipira ya tabo (feni inayosukumia injini hewa) na intakula (kipoza hewa hiyo) ikiwa ya moto. Tabaka la ndani likibanduka, mpira unaonekana mzima ila ukivutwa kwa nguvu unajikunja na kuziba.

Usisahau breki ya eksozi, ile inayobana moshi kwa kipepeo ili kupunguza mwendo. Fuso zinazoshuka na mboga kutoka Lushoto hadi Mombo huitumia mteremko mzima, na kipepeo chake kikiwa na kutu na masizi hubaki nusu kimefungwa. Mwombe mwenzako awashe na kuzima breki hiyo huku ukitazama mkono wa kipepeo ukirudi hadi mwisho.

Hatua ya 4: Umeme

Tanga chumvi ya baharini haina huruma na plagi. Chomoa ya pedeli ya mafuta utafute ule ukijani kwenye pini, kisha angalia waya za bodi, zile zinazorudisha umeme kwenye chuma cha lori. Pedeli nyingi za umeme hupewa volti 5 na kurudisha ishara mbili. Zisipolingana inavyotakiwa, kompyuta ya injini inakata nguvu. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, pima kila ishara kwa mita ya mshale huku ukikanyaga taratibu. Mshale unatakiwa kupanda bila kuruka. Rudia ukitikisa waya.

Hatua ya 5: Barabarani, na mzigo

Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya injini, mwenzako asome presha ya reli inayotakiwa na ile iliyopo wakati lori linapanda. Iliyopo ikishuka na hatua ya 2 ilikuwa safi, shuku vali ya kudhibiti dizeli kwenye pampu. Kwa pampu nyingi za Denso vali hiyo huuzwa peke yake. Safisha tangi kabla ya kuweka vali mpya, toa hewa, kisha rudi njia ileile na mzigo uleule.