Kasenga au Fort Rosebery?

Wapendwa wa Lubumbashi, mkikuta karatasi mbili za babu zinapingana, msikimbilie ile yenye muhuri mkubwa. Kitabu cha kazi cha babu yangu kinasema alizaliwa Kasenga. Cheti cha ubatizo, Fort Rosebery. Mama mdogo akang'ang'ania Kasenga, tukabishana mwaka mzima.

Fort Rosebery ndiyo Mansa ya leo, kule Zambia. Kasenga iko huku kwetu Kongo, ukingoni mwa mto Luapula. Jiulizeni: karani aliambiwa na nani, naye alitaka kujua nini? Wa kazi mara nyingi aliandika pale mtu alipoandikishwa. Padri naye aliweza kuandika boma lililojulikana, si kijiji.

Dawa ni kutafuta jina la chifu. Vijiji vilihama, lakini jina la chifu hurithiwa. Sisi tuliliona pembeni mwa cheti, kwa penseli iliyofifia, hata ikabidi tukiinamishe cheti dirishani: Kazembe. Mwata Kazembe, chifu wa Walunda, yuko Zambia, kaskazini ya miji yote miwili; basi si Kasenga wala Fort Rosebery. Mama mdogo sasa anasema alijua tangu zamani.